Mama Mboni na Mabawa ya Gwata

Wachungaji, wazee wetu wa Gwata na ndugu mliotoka Kisarawe tangu alfajiri, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mkae vizuri, kwa sababu maisha ya Mama Mboni hayasomeki harakaharaka, na yeye mwenyewe hakuwahi kupenda kitu kilichofanywa kwa haraka.

Margareth Mwinshehe alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 kijijini Masaki, Kisarawe, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mwinshehe, mkwezi wa minazi, ambaye mwaka 1949 alikatikiwa na kamba iliyochakaa, akaanguka na kufariki mbele ya macho ya binti yake, na tangu siku hiyo Margareth alikuwa na tabia ya kushika, kuvuta na kugonga kila kitu ambacho mtu angekitegemea kimbebe, iwe ngazi, kitanda au kamba ya kisima. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akajifunza cherehani Kisarawe mjini, akawa fundi aliyesifiwa kwa mshono usiofumuka.

Tarehe 21 Septemba 1963 alifunga ndoa na Bernard, makanika kutoka Bukoba aliyefanya kazi shamba la mkonge karibu na Mlandizi, mtu mpole mwenye kasoro moja tu, kwamba alitaka kuruka. Walijaliwa watoto wawili, Mboni mwaka 1964 na Eugenia mwaka 1967. Mwaka 1968 meneja wa shamba aliondoka nchini, akamwachia Bernard michoro na mifupa ya ndege ndogo ya mtu mmoja, naye akaimalizia kwa mbao nyepesi za mti wa podo na injini ya gari la Volkswagen, Margareth akiyashonea mabawa kitambaa huku akimlaumu kila akichoma sindano. Ndege ilipopata kibali na kuruka, Agosti 1971, Margareth alijifungia jikoni mpaka injini iliponyamaza.

Tangu hapo, kila masika yalipogeuza uwanja kuwa tope, mabawa yalifunguliwa na kuingizwa nyumbani kwa ukaguzi wa mwaka, watoto wakalala chini yake kama chini ya wingu jeupe lililokuja kupumzika, mvua ikipiga bati, na asubuhi mama yao akatembea taratibu kando ya bawa, akigonga kwa kucha na kusikiliza, kwa maana ubao mzima hulia na uliooza hunyamaza, wakati Bernard akisafisha plagi, akipaka grisi nyaya za usukani, na kusubiri kama mshitakiwa. Bila neno la mkewe hakumwita hata afisa wa usafiri wa anga kutoka Dar es Salaam kuja kuikagua. Watani walisema ndege ile inaruka kwa ulimi wa mwanamke, naye akawajibu kwamba mpanda ngazi hushuka, ila wa kwake anataka ashuke kwa miguu yake. Hakuficha kwamba kila mwaka alitamani kusema bawa limeoza, ili mumewe abaki chini, lakini bawa likiwa zima alisema ni zima, kisha akaenda kulia.

Oktoba 1974, watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa hapa Gwata, mabawa nayo yalihama, yakibebwa vichwani na majirani katikati ya nyasi ndefu, na waliokuwa mbali waliona mabawa matupu yakielea juu ya nyasi, bila ndege wala watu. Hata miaka ile petroli ilipoadimika na ndege isiruke kabisa, ukaguzi haukukosa.

Novemba 1983 aliugua figo, akatibiwa Dar es Salaam, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Mei mwaka huu wa 1984, akiwa hawezi tena kusimama, aliagiza mabawa yalazwe moja moja kando ya kitanda, akayagonga asubuhi nzima, ndipo akamwambia Bernard kwamba ubao mkuu wa bawa la kushoto umeoza ndani, hautengenezeki, na ndege imekwisha. Bernard hakubisha, kwani hakuwahi kumsikia akidanganya. Margareth alifariki tarehe 2 Juni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji na kukesha nasi, mafundi wenzake wa ushirika wa ushonaji, na Bwana Salehe, seremala, ambaye jana aliombwa na Bernard aupasue ubao ule, ili sehemu yoyote iliyopona itumike kwenye mfuniko wa jeneza hili, akaukuta mweupe na mkavu, mzima kutoka ncha hadi ncha, akamwita Bernard aje aone. Bernard alikaa kwenye vumbi la mbao akacheka mpaka akalia, kwani alielewa kwamba mkewe alikuwa akiondoka, na baada yake hakuna ambaye angemgongea mabawa. Ametuagiza tuseme mbele yenu kwamba uongo huo pekee wa mkewe ameupokea, na kwamba ubao wa bawa la kulia, ambao marehemu alisema ni mzima, ameupasua kwa mkono wake mwenyewe, ili ndege isiruke tena.

Pumzika kwa amani, Mama Mboni, mumeo yuko chini salama.