Papa Sebarenzi na Karabini Yake ya Upepo

...Njo vile nilikuwa nawaambia mbele baniite kupokea maziwa: Papa Sebarenzi anaacha kazi leo, tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita, kisha miaka makumi tatu na moja ya kutengeneza fromage, ile jibini, hapa mu laiterie, kiwanda yetu ya maziwa ya Masisi. Banasema niandike mu karatasi ya feti ya kumuaga juu mimi Bibiche, mwenye kuosha mabidoni ya maziwa, najua habari ya kila mutu. Sikatai.

Alianzaka kazi akiwa kijana, angali anakama ng'ombe za baba yake. Fromage yake haikurudishwaka hata moja. Hata ile yenye Jules, dereva wetu, mutoto ya Butembo, alilala nayo mu matope ya barabara ya Walikale, ilifika Itebero ikiwa muzuri. Mwenye alikuwa ananuka ni Jules.

Adui yake ni moja tu: panya. Tulijaribu paka, ile paka ilipenda fromage kuliko panya. Basi yeye alikuwa anatumia karabini ya upepo, bunduki ya zamani sana, yenye padri moja aliachaka hapa. Unapiga pompe, ile pampu ya chini ya bomba, upepo unajaa ndani, unafyatua: pa! Kitako aliipaka rangi ya manjano, na chef wa kijiji alijulishwa, juu huku kwetu mutu akiona chuma murefu haulizi, anakimbia.

Mwaka jana karabini ikachoka. Ukipiga pompe, inapumua tu fyuu, sawa muzee mwenye kupanda mulima. Panya zikajua. Gérant, mukubwa wetu wa kazi, Papa Léonard, akasema atanunua sumu. Sumu, mu chumba ya fromage!

Papa Sebarenzi akamuambia: "Papa Gérant, tangu niko hapa, sumu haiyalala chini ya paa moja na fromage yangu."

"Basi utengeneze ile kitu yako mbele ya kuenda. Ukituachia ikingali inapumua, sumu itaingia."

Akabeba karabini kwake. Akafungua vipande yote, akapanga juu ya meza, kwa kitambaa ya kuchujia fromage, mpaka Mama Kamaliza, muke yake, akakosa pahali ya kuweka sahani. Ugonjwa ukaonekana: kile kikombe kidogo cha ngozi chenye kusukuma upepo mu pompe kilikauka sawa ganda ya muti, na joint, ile pete ya mpira kule upepo unafungiwa, ilipasuka. Joint, Jules akamupatia moja ya pikipiki, akaipunguza na wembe. Ngozi, akakata mupya, ya ng'ombe, akailainisha vile sisi batu ya ng'ombe tunalainishaka kila kitu: na mafuta ya ng'ombe. Akaiacha juu ya meza mafuta ipenye, akaenda kulala na furaha.

Asubuhi, ngozi hakuna. Panya zilikula yote!

Mama Kamaliza alicheka mpaka akakaa chini. "Papa, sasa umekuwa fundi ya kulisha panya!" Papa Léonard naye akasikia siku ile ile, juu batu ya hapa banapenda kusema. Kesho yake, sumu ilikuwa juu ya meza ya bureau, ofisi yake.

Papa Sebarenzi hakukasirika. Hanaga haraka, ni mutu mwenye kungojaka maziwa. Akakamata kiatu yake ya feti, akakata ulimi, ngozi laini ya zamani, akaipaka mafuta ya mashini ya kushona ya Mama Kamaliza. Panya zikanusa, zikapita. Njo maana leo mukiona kiatu yake ya kuume haina ulimi, musicheke. Mimi nilisha kucheka kwa niaba yenu.

Jana jioni akafunga vipande yote, akapiga pompe, bila risasi ndani, akaiacha ilale na upepo wake mu chumba ya fromage. Upepo ukibaki mpaka asubuhi, akifyatua ilie, ngozi imeziba. Ukitoka, sumu inaingia. Papa Léonard alikubali mbele yetu sisi wote. Saa hii naandika, ni asubuhi, batu wote banasimama kwa mulango ya ile chumba, karabini inaangalia ukuta, na Papa Sebarenzi anafunga kamba ya kiatu pole pole, sawa mutu hana wasiwasi. Lakini ni mara ya tatu anaifunga.

Papa, aksanti. Aksanti juu ya Ntwari, mwenye kubaki na kazi yako: ulimufundisha kunusa maziwa mbele ya kuigusa. Aksanti juu ya fromage za kuvunjika ulikuwa unatugawia. Urudie ku milima yako, ng'ombe zizae, zikae na majani, watoto bakuletee kiti kule jua inapiga asubuhi. Vile tunasemaka kwetu: gira inka, ukuwe na ng'ombe.

Na sijawaambia bado ile siku ya ndoa yake, vile ndama iliingia mu kanisa na...

PA!

Mabidoni yangu imelia yote! Upepo ulilala ndani, mama yangu! Batu banapiga vigelegele, Mama Kamaliza anacheza. Na Papa Léonard huyu anakuya, karatoni ya sumu mu mukono:

"Mama Bibiche! Acha karatasi! Urudishe hii ku duka, mbio, na usiseme kwa mutu!"

Naenda.