Uamuzi Ulikuwa Wake

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi nyote mliowahi kukaa kwenye benchi lake, familia imenipa mimi, kitinda mimba wa nyumba hii, kazi ya kusoma historia ya dada yetu mpendwa, na imeniagiza niisome kama mwenyewe alivyotaka, bila kuipaka sukari, kwa sababu tangu msiba huu utufike tumesikia hapa uani maneno mengi mazuri juu yake, na mojawapo, ambalo ndilo zuri kuliko yote, si la kweli.

Marehemu alizaliwa nyumbani tarehe 14 Juni 1959, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba yetu fundi cherehani na mama yetu mkunga, na wakubwa wake wanasema kwamba tangu alipojua kusema alijua kupanga watu, nani aoge kwanza, nani alale upande wa dirishani, na ukimuuliza kwa nini, alikuwa na sababu ambayo hukuipenda lakini uliitii.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1973 hadi 1976, na huko ndiko alikokutana na mpira wa kikapu, chini ya ringi isiyo na wavu iliyopigiliwa ukutani mwa stoo ya shule. Tuseme ukweli, hakuwa mchezaji, alikuwa mfupi, mzito wa kuruka, na mitupo yake iliwatia hofu njiwa wa kwenye paa kuliko wapinzani, lakini aliuona mchezo kabla haujatokea, akawa anawaambia wenzake wasimame wapi, na wenzake wakisimama hapo mpira unawakuta. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1979, akafundisha hesabu sekondari, na tarehe 9 Januari 1984 akaajiriwa na chuo cha ufundi kuwa mkufunzi wa hesabu na kocha wa timu ya wasichana.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, huyu mnayemwona hapa mbele, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza saa ya mchezo katika mashindano ya vyuo, na ambaye kwa kufuata kanuni hakukaa kwenye meza ya saa hata mara moja timu ya mkewe ilipocheza, kwa hiyo mtu pekee wa nyumba hii mwenye uwezo wa kusimamisha saa hakuwahi kumsimamishia, jambo ambalo marehemu alimkumbusha kila walipogombana. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni seremala, na wajukuu wanne.

Pale chuoni alikuwa na utaratibu wake. Kila Alhamisi alimkalisha mchezaji mmoja kwenye kiti cha kocha, yeye mwenyewe akavaa fulana na kuingia uwanjani kutii amri kama wengine, na mchezaji akishaamua alimuuliza swali moja tu, ulijua nini ulipoamua, wala hakuuliza kama mpira uliingia. Siku mojawapo ya hizo Alhamisi walikubaliana juu ya ishara, kwa kuwa ukumbi wa mashindano una kelele za kupasua masikio, kwamba kocha akijishika kifundo cha mkono, maana yake ni mshike mwenye mpira, mchezee faulo, sasa hivi.

Hapo ndipo tunapofika tarehe 21 Agosti 1993, siku ya fainali, ambayo wengi wenu mlikuwepo na wasiokuwepo wanajifanya walikuwepo. Timu yetu iliongoza kwa pointi tatu, zimebaki sekunde chache, mpira wanao wasichana wa chuo cha uhasibu, na njia yao ya kutufikia ilikuwa moja, kutupia kutoka mbali wapate pointi tatu kwa mkupuo. Marehemu alijua kwamba mwenye mpira akichezewa faulo kabla hajatupa, atapewa mitupo miwili ya adhabu, yaani pointi mbili tu hata akiipata yote, akajishika kifundo cha mkono, na nahodha wake, yule tuliyemwita Kengele kwa sauti yake, akaiona ishara akamshika mpinzani kama alivyofundishwa. Mtupo wa kwanza ukaingia, wa pili ukagonga chuma, mpira ukadunda ukawaangukia walewale wahasibu, ukarushwa nje kwa msichana aliyesimama peke yake, akatupa, ukaingia, tukafungwa kwa pointi moja.

Watu waliokuwa jukwaani walimwona kocha ameshika mkono wake wakadhani anatazama saa kwa kukata tamaa, wakamwona Kengele anashika mtu wakadhani amepaniki, na kabla viti havijapoa hadithi ilikuwa imeshakamilika. Siku chache baadaye mkuu wa chuo alimwita ofisini, akamsogezea kiti, akamwambia kwa upole, "Mama, sema tu mtoto alichanganyikiwa, yaishe, timu ibaki kwako." Dada akamjibu, "Mtoto alifanya nilichomwambia. Kama mnatafuta wa kumfukuza, nimeshakaa, endeleeni." Tarehe 4 Oktoba 1993 alinyang'anywa timu, akabaki na hesabu zake, na wahuni wa mabwenini wakampa jina la Bi Faulo kwa kumkejeli, naye akampelekea baba koti lake la mazoezi, akamwambia alishone jina hilo mgongoni kwa herufi kubwa, akalivaa akipita katikati ya bweni.

Lakini kilichomuuma hakikuwa jina wala timu, kilikuwa ile huruma, maana kila aliposema uamuzi ulikuwa wake, watu walitikisa vichwa wakasema, ona moyo wa huyu mama, anavyombebea mtoto lawama, na kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumsifu, na kila sifa aliyopewa yeye ilikuwa kofi kwa Kengele, ambaye amekwenda harusini, kazini na sokoni kwa miaka thelathini akinyooshewa kidole cha upole. Hilo lilimkasirisha marehemu mpaka mwisho, na linatukasirisha sisi.

Mkuu mpya alimrudishia timu mwaka 1997, na tarehe 18 Agosti 2001, fainali nyingine, pointi tatu zilezile, sekunde chache zilezile, ukumbi mzima ukamzomea usithubutu, akajishika kifundo cha mkono. Safari hii mpira uliodunda uliangukia kwetu, tukachukua kombe, watu wakamkimbilia wakamwambia sasa umethibitisha, akawaambia hajathibitisha kitu chochote, uamuzi ni uleule, uliobadilika ni mdundo wa mpira. Alistaafu kwa heshima tarehe 14 Juni 2019.

Septemba 2023 alianza kusumbuliwa na tumbo, akagundulika na saratani ya ini, akafanyiwa upasuaji tarehe 15 Novemba, na Februari mwaka huu, 2024, madaktari wakashauri upasuaji wa pili. Alimuuliza daktari kila swali, nikikubali itakuwaje, nikikataa itakuwaje, akasikiliza bila kumkatiza, kisha akamtazama mumewe akajishika kifundo cha mkono, na shemeji akaanza kufunga mizigo warudi nyumbani. Alifariki tarehe 3 Mei 2024, saa tisa alasiri, kitandani kwake, wanawe wakiwa pembeni. Tumewasikia wanaonong'ona kwamba angekubali kisu angekuwa hai, huenda, na huenda ule mtupo wa wahasibu ungegonga chuma, lakini aliamua kwa alichokijua, na hatutaomba radhi kwa niaba yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli, majirani waliopokezana kupika na kufua, wakufunzi wenzake, wachezaji wa miaka yote, na hata ninyi mliomzomea, kwani alisema ukumbi mkimya ulimchosha.

Wiki moja kabla hajafariki aliniita akaniambia, "Mimi nikisema, wanadhani namfunika yule mtoto. Kaseme wewe nikiwa nimelala pale mbele, maiti hamfuniki mtu." Basi nasema, yeye akiwa amelala hapa mbele yenu. Kengele, simama, mwanangu, watu wakuone. Hukupaniki, uliangalia benchi, ukaona ishara, ukatii, na aliyeamua ni huyu hapa, peke yake, na angeamua vilevile kesho.

Dada, nimesema. Pumzika kwa amani.