Mkono Uliopuliza Mtungi wa Baba

Sogeeni, wanangu, na wewe Yiu-cho zima hiyo simu, wateja wako hawafi leo, anayekufa ni mimi. Hon-wah, kaa chini, acha kuikagua dari kama dalali. Chumba hiki ni chako, nilishasema, sina la kuongeza. Sau-ngor, binti yangu, niinue kidogo. Pumzi nilizobakiwa nazo ni chache kuliko maneno, kwa hiyo asinikatize mtu.

Mnajua kwamba Bwana Poon, mwenyekiti wa jengo hili, anangoja nifumbe macho ili mizinga yangu ya nyuki iliyoko juu ya paa iondolewe, na mimi najua alimwita nani aje kuiondoa. Amekuita wewe, Yiu-cho, mwanangu wa kwanza, mwenye gari jeupe lililochorwa nyuki anayecheka, na chini yake umeandika kwamba unahamisha nyuki wakiwa hai. Hai ya wapi? Nimekuona kwa macho yangu, pale nyuma ya soko, ukimimina maji ya sabuni kwenye mfuko mweusi, mfuko unatikisika, na mkono wa pili umeshika andazi unakula. Nilitema mate kandokando ya barabara kama mja mzito. Sijui ni kitu gani nilichokinyonyesha.

Mimi na baba yenu tulizunguka mji huu tangu hamjazaliwa, tukitoa nyuki kwenye viyoyozi, kwenye masanduku ya umeme, kwenye dari za shule, na hatukutaka hata kundi moja life. Baba yenu alikuwa akipaka asali kidogo ndani ya kofia yake ya mianzi, anaifunika juu ya kundi, anangoja. "Mama Yiu-cho, usiwasukume," ananiambia, "nyuki ni kama mkwe, ukimvuta ananuna, ukimwacha anapanda mwenyewe." Malkia akishapanda, wengine wanafuata, na sisi tunarudi nyumbani kwa basi, kofia imefunikwa kitambaa, watu wanahama viti. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wali. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Ninyi mmeona kumfuata kunawachelewesha.

Sasa nitalisema lile ambalo hatujalisema tangu siku ya kufagia makaburi. Tulipanda mlimani na uvumba, na machungwa, na nguruwe mzima wa kuchoma, tukakuta nyuki wameingia kwenye mtungi tulimopanga mifupa ya baba yenu baada ya kuifukua, kwa kupitia ufa wa kifuniko. Nilifurahi, kwa nini nisifurahi, mtu aliyewahamisha maisha yake yote leo wamemfuata wakaenda kukaa naye. Nikasema shusheni vitu, nipeni kofia, tuwatoe taratibu. Wewe Yiu-cho ukasema, "Mama, nyama inapoa." Ukatoa kopo la dawa ya wadudu kwenye begi, ukaingiza mdomo wake kwenye ufa, ukapuliza. Kwenye mtungi wa baba yako. Na wewe Hon-wah, uliyekuwa ukipiga picha, ukasema, "Kaka, ongeza, hawa watamnyima mzee usingizi," mkacheka. Nyuki wakatoka wakianguka, wakaangukia ngozi ya nguruwe, nanyi mkawapangusa kwa viganja, mkakata, mkala. Kipande mlichoniwekea mimi kilikuwa na bawa. Mpaka leo harufu ya nyama ya kuchoma ikinifikia, nafunga dirisha, na sura zenu zinakuja nayo.

Hamkurudi tena kule. Aliyerudi nami ni Sau-ngor, na hapa kwetu husemwa binti aliyeolewa ni maji yaliyokwisha kumwagwa, si wa ukoo tena. Tukafungua kifuniko. Masega yameporomoka, asali imechacha, watoto wa nyuki wameoza, na funza wanatembea kwenye fuvu la mtu aliyewafundisha ninyi kutembea. Tukaosha kila mfupa kwa mvinyo wa mchele, tukauanika, tukaipanga upya, mifupa ya miguu chini, fuvu juu. Sau-ngor hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, nizibe ufa au niuache?" Nikamwambia auache.

Basi sikieni ninavyogawa. Bangili yangu ya jade avae mke wa Hon-wah. Mama yake Bwana Poon nilimwahidi chupa ya asali kwa ajili ya kikohozi chake. Mpelekeeni, kosa la mwana si la mama, ingawa mimi la mwanangu limenielemea. Mizinga yote ni ya Sau-ngor, iende kwenye bustani ya miti ya lichi ya mumewe, na asipulizwe nyuki hata mmoja.

Na mifupa yangu. Desturi inasema miaka ikipita mwana wa kwanza afungue kaburi, aiokote, aipange kwenye mtungi kando ya baba yenu. Mimi nakataa. Mkono uliopuliza mtungi ule hautashika mifupa yangu. Ataokota Sau-ngor, na wewe Yiu-cho utashika mwavuli wa kuikinga jua, basi. Unalia? Lia. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na zamu yangu nimeshailia.

Jua limezama, nyuki wamesharudi mizingani, na mume wa Sau-ngor yuko chini na gari lake. Pandeni juu sasa hivi, zibeni milango ya mizinga kwa wavu, muiteremshe polepole. Chini ya tangi la maji kuna kundi jipya linaning'inia, halina mzinga; hilo linataka mtu na kofia. Kofia ya baba yenu iko pale ukutani. Simtumi mtu. Nendeni. Wewe Sau-ngor baki, nishike mgongo.

Nasikia ngazi. Huo ni mzinga wa kwanza, ushikeni sawa... na huo wa pili. Wanangu wanakohoa kama wazee, hawajazoea kubeba kitu. Na huyu anayekuja taratibu hivi ni nani? Macho yameniisha. Ni kofia hiyo? Leta hapa, inamisha sikioni.

Mm. Wamo. Na malkia yumo, asingekuwamo wangelia vingine.

Nani ameshika kofia? Yiu-cho? Mikono mitupu? Na uso umevimba hivi, nasikia kwa vidole. Usidhani kinyaa kimeniisha, hakijaisha, nitakwenda nacho kwa baba yako. Lakini mwavuli... mwavuli mpe Hon-wah ashike, wewe uokote na dada yako.

Mababu wawafungulie njia, wanangu. Mle kwa jasho, mzeeke mkioneana haya... Kofia mpe dada yako. Leta huo mkono. Mwiba usiubane, mwanangu, unaisukuma sumu ndani. Ukwaruze kwa ukucha. Hivi... hivi.