Maji ya Picha Tatu

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

AFISA: Ni mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Mimi nani? Kina mimi wako wengi siku hizi.

AFISA: Mdogo wako. Kitinda mimba wa mama. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mbona namba ngeni?

AFISA: Ya ofisi hii. Ile yangu ina... ina matatizo.

DADA: Ile yako nimeipigia siku sita mfululizo, tangu niletewe barua. Inaita mpaka inachoka yenyewe. Nikasema labda Ofisi ya Maji imetumbukia kisimani.

AFISA: Vikao, dada. Kikao kinazaa kikao. Shemeji hajambo?

DADA: Yupo hapa. Anakusalimu kwa kukunja uso.

AFISA: Haya, msalimie. Na bwawa?

DADA: Bwawa gani?

AFISA: Lako. Hapo nyumbani. Baada ya mvua za juzi lime... limejaa?

DADA: Mpaka mdomoni.

AFISA: Mpaka mdomoni kabisa? Alhamdu— vizuri sana, dada.

DADA: Unafurahia nini? Si barua yako inaniamuru nilifukie kesho saa sita mchana?

AFISA: Si barua yangu. Ni ya ofisi.

DADA: Ofisi ina mkono?

AFISA: Maana yangu ni kwamba imesainiwa na—

DADA: Ile herufi ya mwisho ina mkia unaojikunja kama mjusi. Mkia ule naujua. Ni mimi niliyekufundisha kuuandika, kwa kijiti, mchangani, tukingoja zamu yetu ya kuchota. Na nilikuambia usiukunje sana. Mpaka leo husikii.

[Mtandao unakwaruza.]

AFISA: Dada, sauti inakatika.

DADA: Sauti haikatiki, unaisogeza simu mbali. Subiri nikusomee, barua yenyewe ninayo hapa, nimefungia chumvi. "Kosa la kwanza: kuzuia maji ya mvua yasifike katika mtaro wa ofisi." Mtaro upi huo?

AFISA: Mtaro mkuu.

DADA: Ule mliouchora kwa rula toka kilimani mpaka barabarani, ukashuka moja kwa moja kama mtoto kwenye matelezi?

AFISA: Ulichorwa na wataalamu.

DADA: Mvua ya kwanza ulikula njia. Ya pili ukala ukuta wa zahanati. Ya tatu ukameza boza lenu la maji.

AFISA: Boza halijamezwa. Limeegemea tu.

DADA: Limeegemea kwa mgongo? Magurudumu yanatazama mbinguni tangu Jumanne. Kuku wa jirani wanataga ndani ya chumba cha dereva.

AFISA: Linashughulikiwa.

DADA: Na mimi ndiye mkosaji. Mimi niliyefunga miti mitatu, nikaning'iniza jiwe katikati kwa uzi ili nijue wapi ardhi iko sawa, nikachimba makinga, mifereji ya kukinga maji inayolala kuvuka mteremko, tuta upande wa chini. Maji yakija mbio yanakuta tuta, yanaketi, yanazama. Yanayozidi yanaingia bwawani polepole, kama mgeni aliyelelewa. Kisima cha mama kilikauka miaka tisa. Miaka tisa tulikuwa tunakifunika ili mbuzi wasidumbukie. Sasa kamba ya pima nne inagusa maji. Mtaa mzima unachota hapa. Mnataka nifukie bwawa na makinga yote, kisima kirudi kuwa kaburi?

AFISA: Dada, usije juu. Mambo haya yana taaluma yake. Wewe hukusomea—

DADA: Rudia.

AFISA: Mtandao, dada, huku—

DADA: Mtandao mzima. Rudia ulichosema.

AFISA: Nimesema... watoto hawajambo?

DADA: Hawajambo. Wanasoma. Wote.

AFISA: Vizuri.

DADA: Sasa nieleze kitaalamu. Mvua ikinyesha juu ya paa langu, ni ya nani?

AFISA: Kisheria, maji yote ni mali ya ofisi kuanzia yanapogusa ardhi.

DADA: Na yakiwa bado hewani?

AFISA: Hewani kuna idara nyingine.

DADA: Nilidhani hivyo. "Kosa la pili: kufuga mbu." Nimeweka samaki, wanakula viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mbawa. Mbu wa mtaa huu wanazaliwa kwenye mtaro wenu, huku kwangu wanapita tu.

AFISA: Hao samaki wana kibali?

DADA: Unauliza kweli?

AFISA: Kuna fomu, dada. Sikuitunga mimi.

DADA: Njoo uwape wajaze. Haya, sema ulichopigia. Hukupiga kuulizia samaki, na wewe tangu utoto ukitaka kitu unaanza kwa kuulizia afya za watu.

AFISA: Basi... kesho tuna mgeni.

DADA: Mgeni gani?

AFISA: Mkubwa. Toka makao makuu. Saa nne asubuhi anakuja kuzindua koki.

DADA: Koki ipi?

AFISA: Ya hapo chini yako. Karibu na jukwaa.

DADA: Ile ile?

AFISA: Imepakwa rangi.

DADA: Mdogo wangu, koki ile ilizinduliwa kwa utepe mwekundu nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Ikazinduliwa kwa utepe wa bluu siku anaanza shule. Ikazinduliwa kwa utepe wa kijani alipomaliza la saba. Katikati haijatoa hata jasho. Mnaisugua kwa majivu, mnaleta mgeni, anafungua, yanatoka maji ya tangi mlilolificha nyuma ya pazia, watu wanapiga makofi, pazia linakunjwa, tangi linapanda gari. Mara ya pili nilisimama mbele kabisa, nikahesabu. Yalitoka kwa muda wa picha tatu na kikohozi kimoja cha mgeni. Nilipopaza sauti kuuliza tangi la nyuma ni la nini, nani alikuja kunishika mkono na kunitoa?

AFISA: Nilikuwa mpya kazini, dada.

DADA: Ulinishika hapa, juu ya kiwiko. Endelea.

AFISA: Safari hii tangi lipo. La kulijaza halipo. Boza ndilo lile lili... limeegemea. Magari ya kukodi hayapiti, njia imeliwa.

DADA: Na mtaro.

AFISA: Na mtaro, ndiyo. Sasa toka bwawani kwako mpaka jukwaani ni hatua sitini. Nimezipima.

DADA: Lini?

AFISA: Siku tulipoleta barua.

DADA: Tulipoleta? Ulikuwemo kwenye gari? Ulikaa garini ukamtuma tarishi anikabidhi, na wewe ukawa unapima hatua nyuma ya ua wangu?

AFISA: Sikutaka kukusumbua. Nikajua uko jikoni.

DADA: Haya. Endelea kunipima.

AFISA: Tunaomba tupitishe mpira chini ya ua. Saa mbili tunavuta maji, saa nne mgeni anafungua koki, saa sita wewe unafukia bwawa kama barua inavyosema. Ratiba hazigongani, nimeangalia.

[Dada anacheka. Anacheka muda mrefu.]

AFISA: Dada? Haloo?

DADA: Nipo. Nilikuwa namsimulia shemeji yako maneno hayo. Hajacheka, ameenda kutafuta jembe.

AFISA: Jembe la kufukia?

DADA: Sijamuuliza.

AFISA: Dada, nisikilize, sina utani. Mkuu wa ofisi ameniita leo. Kasema koki ile ikikohoa hewa mbele ya mgeni, mimi ndiye niliyekohoa. Ananipeleka stoo ya mita mbovu, chumba hakina dirisha, mpaka nistaafu. Imenichukua miaka kumi na nne kufika hapa nilipo. Wewe unajua nilikotoka.

DADA: Ulikotoka nakujua mimi, hata mkuu wako hakujui.

AFISA: Basi nisaidie.

DADA: Mpira hapana.

AFISA: Kwa nini?

DADA: Mpira wenu ukiingia kwangu leo, mwezi ujao mtauita bomba la ofisi. Mwezi utakaofuata mtanifungia mita, nianze kuhesabiwa mvua yangu mwenyewe. Nawajua. Uwanja wa kuchezea watoto mliuomba kwa wiki moja, kuweka mabomba. Mabomba bado yamelala pale, yameota majani, na sasa kuna kibao kinasema ni bohari.

AFISA: Sasa maji yatafikaje?

DADA: Kwa ndoo.

AFISA: Ndoo? Tangi ni la lita elfu tatu.

DADA: Mgeni hatakunywa lita elfu tatu. Nimekuambia, ni picha tatu na kikohozi. Ndoo kumi zinatosha, na mnawe mikono.

AFISA: Ndoo kumi... Sawa. Sawa, inawezekana. Nitatafuta watu wa kubeba.

DADA: Watu hawaingii kwangu. Unaingia wewe.

AFISA: Mimi?

DADA: Saa kumi na mbili asubuhi, wakati kina mama wa mtaa wanachota. Wakupishe kwenye foleni au wasikupishe, hilo ni lao. Na kabla ndoo ya kwanza haijagusa maji, nataka barua mkononi. Ya kufuta ile. Bwawa, makinga, kisima, vyote vitajwe kimoja kimoja. Muhuri juu, mkia wa mjusi chini.

AFISA: Kufuta barua lazima kamati ikae, dada. Kuna utaratibu—

DADA: Ya kufukia ilipita kamati?

AFISA: Ile ilikuwa na haraka.

DADA: Haraka ya nini?

AFISA: Mgeni hakutakiwa aone bwawa; wakati ule alitarajiwa saa nane mchana. Ukisimama jukwaani linaonekana. Angeuliza mama mmoja amepata wapi maji, na ofisi nzima...

DADA: Malizia.

AFISA: Umeshaelewa, dada.

DADA: Nimeelewa tangu siku ya barua. Nilitaka tu kulisikia kwa mdomo wako. Na mgeni akiuliza kesho, mimi nitakuwa pale mbele na nitamjibu. Safari hii usinishike mkono.

AFISA: Akiuliza na wewe ukajibu, si ni stoo tu vilevile?

DADA: Huenda. Lakini utakuwa umeingia stoo na koki imetoa maji. Bila mimi unaingia na koki kavu. Chagua.

AFISA: Dada, mimi ni afisa. Nibebe ndoo kichwani mbele za—

DADA: Mbele za nani? Wale kina mama wananibeba mimi kila siku kwa midomo yao, na sijafa.

AFISA: Sijawahi kubeba kichwani.

DADA: Najua hujawahi.

AFISA: Shingo yangu—

DADA: Shingo. Mimi shingo yangu ilikuwa na miaka kumi na miwili. Kutwa safari nne, na ndoo ya bati, ile iliyokuwa inavuja ubavuni.

[Mtandao unakwaruza.]

AFISA: Dada...

DADA: Nini?

AFISA: Salio la ofisi linaka—

[Simu inakatika. Baada ya muda inaita tena, namba nyingine.]

DADA: Haloo? Nani tena?

AFISA: Ni mimi. Hii ya dereva wa boza, kasema dakika moja tu.

DADA: Mwambie mayai yake yamefika kumi na moja. Sema.

AFISA: Barua ninaiandika sasa hivi. Muhuri nimeutia mfukoni, mkuu ameshatoka.

DADA: Na makinga umeyataja?

AFISA: Makinga, bwawa, kisima. Na samaki.

DADA: Vizuri.

AFISA: Sasa dada, ile kata ya kuweka kichwani chini ya ndoo... inatengenezwa na nini? Nije nayo?

DADA: Usihangaike. Ninayo ile ile niliyobebea. Haijachakaa.

AFISA: Ni ya kitambaa?

DADA: Ya sare yangu ya shule. Mama aliikata wiki ile uliyoandikishwa darasa la kwanza.

[Mtandao unakwaruza, unatulia.]

DADA: Upo?

AFISA: Nipo. Dereva anataka simu yake.

DADA: Mpe. Saa kumi na mbili.

AFISA: Nitakuja saa kumi na moja, da—

[Simu imekatika.]