Mama Kiini na Benchi la Watu Wawili

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha kemia katika shule hii, Mama Kiini anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kazi ya kuandika wasifu huu nimetupiwa mimi, mwalimu wa hesabu, kwa sababu darasa langu limepakana na maabara yake na ukuta wenyewe ni mwembamba. Kwa hiyo nimesoma kemia miaka yote hiyo bila kulipa ada.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipewa na wanafunzi kwa ajili ya somo lake la kwanza la kila mwaka kwa kidato cha kwanza, somo la atomu. Walimu wengine huchora duara ubaoni, wakaandika maneno matatu magumu, yakaishia hapo. Yeye huwatoa watoto wote nje, kwenye sakafu ya saruji nyuma ya maabara, akachora maduara kwa kamba na chaki, kisha akagawa kofia. Wenye kofia nyekundu ni protoni, chaji chanya. Wenye nyeupe ni nyutroni, hawana chaji yoyote. Hao wote hubanana katikati, na hapo ndipo kwenye kiini. Wasio na kofia ni elektroni, chaji hasi, nao huzunguka nje kwenye maduara, ambayo yeye huyaita maganda. Ganda la kwanza ni la wawili tu. Atakayezidi aende la pili.

Kila mwaka huanza na kaboni: protoni sita, nyutroni sita, elektroni sita, wawili ndani na wanne nje. Watoto wakishatulia, humtoa protoni mmoja na kuuliza sasa tumebaki na nini. Hujibu kwa pamoja kwamba ni kaboni iliyopungua. Basi hapo Mama Kiini hucheka mpaka akajishika kiuno, maana hakuna kitu kama hicho. Protoni wakibaki watano hiyo si kaboni tena, ni boroni. Idadi ya protoni ndiyo kitambulisho cha elementi, na mtoto aliyelisikia hilo akiwa amesimama juani na kofia nyekundu kichwani halisahau.

Shida ilikuwa nyutroni. Hakuna aliyetaka kuwa nyutroni! Watoto waliona ni sawa na kuachwa nje siku ya mechi. Wakigoma kabisa, Mama Kiini alikuwa akinigongea dirisha, nami natoka, navalishwa kofia nyeupe na kusimama nimebanwa katikati ya watoto wa watu, suruali imejaa vumbi la chaki. Nimekuwa nyutroni miaka mingi na sijapandishwa cheo hata mara moja.

Kitu kimoja nilikipenda sana kwake. Mwisho wa somo alikuwa hawaachi watoto na uongo. Aliwaambia kwamba elektroni halisi hazikimbii kwenye duara kama wao, kwamba huo ni mchoro wa kuanzia tu, na wakikua wataletewa mchoro mwingine mgumu zaidi. Aliwaambia pia kwamba kiini kingekuwa punje ya mtama katikati ya uwanja wa mpira, elektroni zingekuwa huko magolini, na hapo kati pote ni patupu.

Mumewe ni seremala, sisi humwita Mzee Randa. Ndiye aliyetengeneza benchi fupi lililoko mlangoni pa maabara. Linakaliwa na watu wawili, na mkewe akalibatiza ganda la kwanza. Siku moja walikuja wageni wawili kutoka ofisi ya elimu, wakakaa hapo kusubiri. Makamu mkuu wa shule, mwalimu wa historia, ndiyo kwanza alikuwa amehamia kwetu, naye akajibanza awe wa tatu. Darasa zima likapiga kelele kutoka dirishani: “Limejaa!” Maskini, aliruka utadhani amekalia moto. Tangu siku hiyo hapa shuleni chai ikiisha, gari likikosa nafasi, mkutano ukikosa viti, tunasema limejaa.

Mwaka juzi sauti yake ilianza kukwaruza. Alifanyiwa upasuaji wa koo, na daktari akamwonya kwamba akirudia kupaza sauti anaweza kuipoteza moja kwa moja. Mkuu wa shule, kwa nia njema kabisa, akamhamishia maktaba. Alikubali, ila alidai kitu kimoja. Somo la atomu la mwaka huu lingekuwa lake, kwa sababu mjukuu wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza, na tangu mtoto huyo yuko chekechea ameahidiwa kwamba bibi mwenyewe ndiye atakayemvalisha kofia.

Jamani, tulibishana. Nusu yetu tulisema ahadi kwa mtoto inaweza kusubiri, koo haliwezi. Mzee Randa alikuja mwenyewe chumba cha walimu kutusihi tumzuie mkewe, kwa kuwa yeye nyumbani ameshashindwa. Tukajaribu. Mama Kiini alitusikiliza vizuri, akamaliza chai yake, akaenda kutafuta kamba.

Siku ya somo, Mzee Randa alikuja kukaa kwenye benchi kumlinda. Mimi niliitwa kwenye nafasi yangu ya kawaida. Mjukuu alipata kofia nyeupe, akanuna papo hapo, akasahau yuko shuleni akasema kwa sauti, “Bibi, mimi nyutroni?” Wenzake wakaangua kicheko. Bibi akainama, akamnong'oneza sikioni sentensi ya kwanza ya somo, na mtoto akaisema kwa sauti ili wote wasikie. Ikawa hivyo. Bibi ananong'ona, mjukuu anatangaza. Mtoto wa tatu alipoingia ganda la kwanza, kabla Mama Kiini hajafungua kinywa, darasa zima likalia, “Limejaa!” Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Walilitoa nyumbani, kwa kaka na dada zao.

Kisha protoni mmoja akaanza kuwacheka nyutroni, eti hawana kazi. Mjukuu akamgeukia. Akamwambia protoni wote ni chanya na chanya kwa chanya husukumana, kwa hiyo nyutroni wakiondoka, kiini chote kitasambaratika, na hizo kofia nyekundu watabaki nazo wakizubaa. Akaendelea na elektroni, akaeleza kwa nini ni sita kama protoni, na chaji zinavyolingana. Alipomaliza akageuka kumuuliza bibi kama amesema sawa. Bibi hakuwepo pembeni yake. Alikuwa ameshakwenda zamani kukaa kwenye benchi na mumewe, mkono mdomoni, macho yamejaa machozi, na mtoto alikuwa anafundisha peke yake bila kujua. Nililia. Nasema wazi, nililia na kofia yangu nyeupe kichwani.

Koo linaendelea vizuri, daktari ameridhika. Mwalimu mpya wa kemia amesharipoti, na jambo la kwanza aliloomba ni kuonyeshwa kofia zilipo. Wanafunzi wa zamani wa Mama Kiini ni wauguzi, wafamasia, wachanganya rangi viwandani, na mmoja ni daktari huyo huyo wa koo, ambaye anasema hakuna mgonjwa aliyewahi kumsahihisha kama huyu.

Mama Kiini, asante. Asante kwa watoto wetu, asante kwa kicheko kilichokuwa kinapenya ukutani nikiwa katikati ya sehemu na desimali. Siku ya sherehe hatutakuomba hotuba. Ulale asubuhi mpaka jua likuchoke, unywe chai ikiwa bado ya moto, na maisha yakuendee vyema kuliko ulivyotuombea sisi.

Benchi tumelipiga msasa, tumelipaka vanishi, na tutalileta kwako kwa gari la shule. Liweke barazani. Kaeni hapo, wewe na Mzee Randa. Jirani akija kujibanza awe wa tatu, usijisumbue kusema lolote. Mjukuu wako atamwambia.