Bi Kabati na Siku Tatu Kabla ya Wakaguzi wa Bima

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, mtoto wa pili wa marehemu, niwasomee maisha ya mama yetu, na mtanisamehe nikipaza sauti, maana haya si maisha ya kusomwa kwa kunong'ona.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, binti pekee kati ya watoto watano wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1964, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, na tarehe 2 Februari 1976 akaajiriwa kuwa karani wa kampuni ya malori, katika chumba chenye dirisha moja lililotazama karakana, na kwa kuwa kila karatasi aliifungia kwenye kabati la chuma na ufunguo akauvaa shingoni, madereva wakambandika jina la Bi Kabati.

Dereva mmoja alirudi safarini na daftari lisilo na kilomita, Mama akamrudisha mlangoni mara tatu, mara ya nne akaja amejaza kila mstari, na chini kabisa ameandika ombi la uchumba. Huyo ndiye baba yetu, wakafunga ndoa tarehe 20 Septemba 1980, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1982, 1985 na 1989.

Sasa nisikilizeni vizuri! Tarehe 12 Mei 2003 iliingia barua kwamba wakaguzi wa bima wanakuja baada ya siku tatu, wakikuta mambo hayaeleweki bima inafutwa, na lori lisilo na bima halitoki getini, kwa hiyo madereva arobaini wangekaa nyumbani bila mshahara, wao na familia zao. Siku ya kwanza Mama alizunguka uani na orodha ya bima, akilinganisha namba ya chesi, ile iliyogongwa kwenye fremu, ya kila lori na kila tela, siku ya pili akapanga rekodi za matengenezo na taarifa za ajali, hata ile ya kioo cha pembeni kilichopasuka, siku ya tatu akapitia leseni za madereva, akakuta moja imeisha muda tangu wiki mbili nyuma, na mwenyewe ni baba, ambaye wakati huo yuko ndani ya lori, injini inanguruma.

Mama alitoka mbio, viatu mkononi, akasimama mbele ya lori.

"Shuka, baba watoto."

"Mke wangu, kwani mkaguzi atajuaje?"

"Mimi nimeshajua. Shuka!"

Meneja alimsihi aifiche karatasi ile ya leseni, akagoma, na asubuhi yake akaiweka juu ya mafaili yote. Mkaguzi mkuu akashangaa: "Mama, mbona unaanza na kosa lenu?"

"Nimeliona, dereva nimemshusha, na safari zake mbili tangu leseni iishe hizi hapa. Haya, kagua yaliyobaki."

Wakakagua mpaka saa kumi alasiri, wakafunga mafaili, wakasema bima inaendelea! Jamani, honi zilizolia siku hiyo! Madereva wakambeba juu juu, na baba alikuwa wa kwanza kumnyanyua, ingawa alikaa wiki tatu nyumbani akimenya vitunguu hadi leseni mpya ilipotoka.

Alistaafu tarehe 31 Desemba 2017, sebule yetu ikajaa watu wenye lori moja au mawili waliokuja kuomba ushauri, naye akawa anawaambia wasisubiri barua ya wakaguzi, wajikague kila mwezi. Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, huku akiwasahihishia wauguzi tarehe kwenye chati, hadi Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, alipotuacha akiwa na miaka sitini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliotupikia wiki nzima, na wafanyakazi wenzake wa karakana na ofisini.

Baba ameniomba niongeze neno ambalo halimo kwenye karatasi hii: kwa miaka arobaini na mitatu ya ndoa hakuwahi kumshinda kwenye ubishi, na hajajuta hata siku moja.

Mama, kazi umeimaliza, lala upumzike kwa amani.