Nani Kati Yao Alikuwa Mke? Wasifu wa Marehemu Tsai Jung-fa

Marehemu Tsai Jung-fa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji hiki cha Liuchu, Yunlin, kitinda mimba wa wakulima wa vitunguu saumu. Anayesoma wasifu huu ni dada yake, Su-chiao.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha ufundi wa mitambo mjini Huwei, akahitimu mwaka 1986. Somo la kuchora lilimshinda kabisa. Mwalimu aliuona mchoro wake wa farasi akausifu kuwa benchi zuri.

Baada ya jeshi alifungua karakana ya pampu za maji, mwaka 1991. Kijiji kilipojua anapenda wanaume, vijana walikatazwa kukaa karakanani kwake. Lakini pampu ikigoma msimu wa kupanda, wazazi wale wale walimgongea mlango alfajiri bila haya hata kidogo.

Tena ghafla akageuzwa bingwa wa urembo! Mama Liao, jirani, alimburuta mjini kumchagulia binti yake gauni la harusi.
"Nyie si ndio mnaoyajua mambo haya!"
Jung-fa, mikono imejaa grisi, aliligeuza gauni mbele na nyuma. "Halina mifuko, shangazi. Simu ataweka wapi?"
Mama Liao alinuna mwezi mzima, kana kwamba ametapeliwa.

Tarehe 3 Juni 2019 alifunga ndoa na Hsu Chih-yuan, dereva wa lori la mboga, aliyeishi naye tangu 2004. Kila aliyekuja kuwapongeza aliuliza lile lile: nani mke? Nani anapika?
"Mwenye njaa," Jung-fa alijibu. Watu walicheka, kisha wakauliza tena. Lo, jinsi alivyochoka!

Aliugua saratani ya ini Agosti 2022. Chih-yuan aliacha lori, akamwogesha, akamlisha uji, akalala kwenye kiti pembeni yake. Jung-fa alifariki nyumbani tarehe 2 Novemba 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Jana ukoo uligawa nguo za katani za wafiwa, kila mtu kwa cheo chake. Chih-yuan alipofika, baba mdogo Chin-mu alilifunika kapu la nguo hizo.
"Kwanza tuambiwe, nani kati yenu alikuwa mke? Nguo ya mjane mke si ya mjane mume."
"Mimi ni mume wake, baba mdogo."
"Na yeye?"
"Mume wangu."
"Acha utani, kijana! Lazima mmoja awe mke."
Chih-yuan akaondoka mikono mitupu. Mtu aliyeishi na marehemu miaka kumi na tisa sasa amesimama nyuma kule, karibu na birika za chai, pamoja na majirani. Inaudhi. Inaudhi mno, na dada yake hana neno la adabu zaidi ya hilo.

Marehemu ameacha mume, Hsu Chih-yuan, mama, Lin A-hsiu, dada, Su-chiao, na wapwa wawili.

Dada yake hashuki jukwaani hapa, na jeneza halitoki, mpaka kapu lile lifunuliwe na Chih-yuan avishwe katani mbele ya wote. Jung-fa na apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Sisi wengine tutasimama.